Rangi ya dashibodi ya 504 inabanduka, lakini shida haiko kwa rangi

Kaka mmoja wa Nakuru ameniandikia hivi, nimemfupishia kidogo: "Mzee aliniachia Peugeot 504 GL ya 1981. Injini iko sawa, bodi nishanyoosha, lakini plastiki za dashibodi zimepauka zikawa rangi ya majivu, fremu ya geji imepasuka pembeni na venti moja imekatika meno. Nilinunua kopo la spirei nyeusi nikapiga mwenyewe, ikatoka safi sana, wiki tatu baadaye ikaanza kubanduka kama ngozi ya nyoka, hasa pale mkono unagusa. Fundi mmoja anasema ninunue rangi ya bei, mwingine anasema nitafute dashibodi ya gari la kuvunjwa. Nimsikize nani?"

Kaka, wote wawili wawache kwanza. Huyo wa gari la kuvunjwa atakuletea plastiki imekaa juani miaka ileile kama yako, na pengine imepasuka palepale yako ilipopasuka, manake 504 zote huku zimepita barabara zilezile. Na huyo wa rangi ya bei, hata akupe rangi ya eropleni, ukiipiga juu ya kile kilichoko kwa hiyo plastiki saa hii itabanduka tu. Tofauti ni kwamba utakuwa umepoteza pesa zaidi.

Hebu niambie kitu kimoja: hiyo gari imeoshwa kwa kawoshi mara ngapi tangu 1981? Na kila mara yule kijana akimaliza si anachukua ile chupa ya kung'arisha, anapuliza dashibodi mpaka inameremeta kama imepakwa samli? Hiyo kitu nyingi ndani yake ni silikoni. Silikoni haikauki ikaisha, inakaa juu ya plastiki, inaingia kwa vile vinyweleo vya ile ngozi ngozi ya plastiki, inalala huko. Ongeza mafuta ya mgando ya mama, ongeza kiwi ya viatu (usicheke, nimefungua dashibodi nyingi zimepigwa kiwi, jua likiwaka mkono unatoka mweusi), ongeza jasho na moshi wa sigara wa abiria kama mzee aliwahi kuifanyisha kazi. Wewe ukaja na kopo lako ukapaka rangi juu ya hayo yote. Rangi ilishika silikoni, haikushika plastiki.

Sababu ya pili ni huko kupauka kwenyewe. Plastiki ngumu za gari za miaka hiyo nyingi ni ABS, na ABS ina mpira ndani yake ndo unaifanya isivunjike ovyo. Jua linaua huo mpira kuanzia juu kwenda ndani. Kinachobaki juu ni kama chaki, pitisha kidole kwa kile kipande cha karibu na windskrini utaona kidole kimepata unga. Rangi ikipigwa juu ya chaki inashika chaki, na chaki haijashika kitu.

Sasa tuanze kazi. Kitu cha kwanza ni kutoa kila kipande nje ya gari, usinipigie spirei ndani na magazeti kwa viti, hiyo ni kazi ya kuuza gari kesho asubuhi. Toa waya wa hasi wa betri kabla hujagusa chochote, manake nyuma ya geji kuna nyaya za miaka arobaini na ushee ambazo zikigusana utanikumbuka. Piga picha kila hatua. Kebo ya spidomita inashika kwa nyuma, usivute geji kwa nguvu, ingiza mkono uifungue kwanza. Na hivi vipande usivibandue asubuhi Nakuru ikiwa na baridi, plastiki nzee ikiwa baridi inavunjika klipu kama biskuti. Egesha gari juani madirisha yakiwa juu, subiri ndani kupate joto zuri, alafu ndo uanze, utashangaa vile zinaachia. Skrubu weka kwa trei ya mayai, kila shimo la trei na kipande chake, andika kwa kalamu.

Ukishatoa, geuza kila kipande uangalie mgongo. Gari mpya mpya huwa zimechapwa jina la plastiki kwa nyuma, za umri huu mara nyingi hakuna kitu, kwa hivo tunapima wenyewe. Kata kijipande kidogo kwa nyuma pasipoonekana, kama punje ya mchele, utie kwa glasi ya maji yenye tone moja la sabuni. Sabuni ni ya lazima, bila hiyo hata kitu kizito kinaweza kuelea kwa sababu ya ule utando wa juu wa maji ukajidanganya. Kikielea, hiyo ni polipropilini, kikizama pengine ni ABS. Hakikisha kwa kuweka tone la asetoni kwa mgongo wa kipande, hesabu mpaka thelathini, gusa na ncha ya msumari. Ikiwa imelainika inanatanata, ni ABS. Ikiwa kavu kama hujaweka kitu, ni ile nyingine. Kwa mgongo nimesema eh, sio usoni.

Kwa nini nakusumbua na hii? Manake polipropilini haipendi rangi yoyote duniani, ni plastiki yenye ngozi ya mafuta kwa asili yake, hata ikiwa safi kabisa. Hiyo lazima uanze na praima yake ya kushikisha rangi, mara nyingi ni kopo la kitu kinachoonekana kama maji tu, na ukikosa hiyo hakuna ujanja. ABS ni rahisi zaidi.

Haya, kusafisha. Hapa ndo kazi yenyewe iko, na hapa ndo karibu kila mtu anapita mbio. Mimi kipande kimoja nakisafisha saa nzima alafu rangi inachukua dakika kumi. Karai la maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo ya kutosha, mswaki mzee, sugua ukizunguka, ingia kwa pembe zote, kwa meno ya venti, kwa mifereji. Suuza. Rudia. Maji ya kwanza yatatoka ya kahawia kama chai ya rangi, ya tatu yatatoka masafi, hapo wengi wanasimama. Usisimame, sabuni imetoa uchafu lakini silikoni bado ipo.

Sasa nenda duka la rangi za magari uulize dawa ya kutoa nta na grisi, ile mafundi wa spirei wanapangusia bodi kabla ya rangi. Chukua vitambaa viwili vyeupe vya pamba, visivyo vya nguo iliyooshwa na dawa ya kulainisha nguo, hiyo nayo ina mafuta yake. Kimoja kiloweshe dawa, pangusa sehemu ndogo kama kiganja, na KABLA haijakauka pangusa na kile kikavu. Ukiacha ikauke yenyewe umehamisha tu mafuta kutoka hapa ukayapeleka pale. Geuza kitambaa kila mara. Ukimaliza kipande chote rudia tena na vitambaa vingine. Mwisho pangusa na alkoholi ya isopropili. Ile spiriti ya famasi ya kupaka ngozi usiitumie, nyingi huwekwa mafuta ya mbarika ndani ili isikaushe ngozi, utakuwa unapaka mafuta tena baada ya kazi yote hiyo. Na thina usiniletee kabisa karibu na ABS, inakula uso wa plastiki, unaona imelainika unadhani imesafika, alafu ikikauka ina nyufa ndogondogo kama tope la mtoni.

Rangi yako ya zamani hiyo inayobanduka, pale imelegea itoe kwa utepe wa kubandikia, bandika uvute, pale imeshika iloweshe na hiyohiyo isopropili chini ya kitambaa nusu saa, nyingi za kopo zinalainika, alafu sugua na mswaki. Kuna watu watakwambia loweka kwa mafuta ya breki usiku kucha. Inatoa rangi kweli, lakini plastiki nzee yenye mkazo kwa matundu ya skrubu inaweza kupasuka humo ndani, mimi sifanyi.

Wacha nikupe kisa ndo uelewe kwa nini nasisitiza. Nilikuwa na gereji ndogo Mombasa, nikaletewa kifuniko cha lile sanduku la kuwekea vitu la kushoto la 504, lile watu huku wanaliita dashibodi kana kwamba ile nyingine yote haina jina. Nikasafisha vizuri, nikapiga, rangi ikakimbia ikaacha vishimo vya duara kila mahali, kama mvua imenyesha kwa vumbi. Nikatoa yote, nikasafisha upya, nikapiga, vilevile. Mara ya tatu vilevile. Nikaanza kulaumu rangi, nikanunua nyingine. Ilibidi mzee mmoja aliyekuja kusubiri gari lake aniulize, "we kijana, huyo jirani anapuliza nini?" Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na kawoshi, wanapuliza tairi dawa ya kung'arisha, na kusi inavuma ikileta ule ukungu moja kwa moja kwa meza yangu. Nilikuwa nasafisha silikoni na upepo unaniletea nyingine. Nikahamia ndani nikafunga mlango, kifuniko kikatoka kama kipya mara moja tu. Kwa hivo kaka, ukiona vile vishimo, usiongeze rangi kufunika, havifunikiki. Simama, toa, safisha, na uangalie nani yuko karibu yako na chupa.

Ukitaka kujua umesafisha vya kutosha, baada ya kupiga msasa mwagia kipande maji. Kwa ABS maji yakitandaa sawasawa kama utando, uko sawa, yakijikusanya matone matone kama kwa jani la mgomba, rudi karai. Kwa polipropilini kipimo hiki hakifai, hiyo itakusanya matone hata ikiwa safi.

Tuje kwa ile fremu ya geji. Peugeot 504 imeshinda Safari Rally 1975 na tena 1978, gari ni chuma, lakini hizo fremu za plastiki hazikuwa na sifa hiyo, na mara nyingi ufa unaanza kwa tundu la skrubu manake kuna fundi aliyekaza mpaka akaridhika roho. Kwanza toboa kitundu kidogo, milimita moja na nusu hivi, pale ufa unapoishia, ndo usiendelee kutembea. Kwa upande wa nyuma chonga mfereji juu ya ufa, usifike mbele. Kama ni ABS, tengeneza uji wake mwenyewe: vipande vya ABS kwa chupa ya glasi, asetoni kidogo, funika, kesho yake ina uzito wa uji wa ulezi. Vipande vya ABS unapata wapi? Nenda kwa fundi wa bodaboda umuombe kava za pembeni zilizovunjika, anazo zimejaa kona, pima na tone la asetoni kama nilivyosema ujue ndo yenyewe. Asetoni iwe safi ya duka la kemikali, ile ya kutolea rangi ya kucha ina mafuta na manukato. Jaza ule mfereji kwa tabaka nyembamba nyembamba, usijaze mara moja, juu itakauka na ndani ibaki majimaji, plastiki ijikunje. Wacha siku mbili kabla ya kupiga msasa. Ikikauka hiyo imekuwa plastiki moja, sio gundi iliyoshikilia vipande viwili.

Kama fremu yako ni polipropilini huo uji hautashika. Hapo chukua wavu mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, uzamishe kwa mgongo kwa pasi ya kulehemu ya mafundi wa redio, pole pole, dirisha likiwa wazi.

Meno ya venti ni madogo, kwa hayo supa gluu na baking soda inatosha, weka soda kidogo, tone la gluu, inakuwa jiwe papo hapo, alafu unachonga na faili ya kucha. Lakini usifunge hiyo kazi kwa kiboksi au mfuko, mvuke wa supa gluu unaacha ukungu mweupe kwa plastiki yote iliyo karibu, na usiifanye karibu na kioo cha geji kabisa.

Msasa. Pale pako laini, namba 400 kisha 600 na maji, unataka kutoa chaki na kuacha uso usiong'aa, huna haja ya kuchimba. Pale pana ile ngozi ngozi ya mchoro usipige msasa hata kidogo, utaifuta na hairudi, tumia ile sponji ya kijivu ya kusugulia na sabuni, inaingia kwa mifereji bila kula vilima. Pale uliposiliba ufa ngozi itakuwa imepotea, tutaidanganya baadaye. Na zile nyuzi za kromu usiguse na msasa, kwa gari hizi kromu ya plastiki ni utando mwembamba sana, ukiusugua unakutana na plastiki nyeupe. Hizo funika na utepe, au zikishaharibika tafuta kalamu ya kromu ya kioevu, inafanya kazi nzuri ajabu.

Baada ya msasa safisha tena na isopropili, na kuanzia hapo glavu mkononi, usiguse na kidole.

Rangi sasa, na kweli hapa sina maneno mengi. Ya kopo ya plastiki ni sawa tu, uliyonunua pengine ilikuwa nzuri na umeionea. Chagua nyeusi ya satini au mati. Ukipiga ya kung'aa, jua la saa saba litairusha dashibodi yote kwa windskrini na hutaona lori linalokuja. Kujua weusi wa asili ulikuwaje, angalia chini ya kisahani cha majivu au nyuma ya redio pale jua halijawahi kufika, utakuta si nyeusi tititi. Nakuru asubuhi kuna baridi na jioni vilevile, kwa hivo piga kati ya saa nne na saa tisa mchana, na mwagia sakafu maji kwanza, vumbi la huko unalijua mwenyewe, hata jina la mji wanasema linatoka kwa Kimaasai likimaanisha mahali pa vumbi. Kopo lizamishe kwa maji ya vuguvugu dakika kadhaa, vuguvugu nimesema usije ukachemsha, likitoka linapuliza laini zaidi.

Umbali ni shibiri moja na kidogo. Anza kupuliza nje ya kipande, pita, malizia nje. Mkono wa kwanza wa rangi uwe kama umande, uone bado plastiki inaonekana chini, roho itakuuma utake kufunika, vumilia. Subiri dakika kumi na tano. Wa pili, wa tatu, basi. Zile praima za polipropilini zina muda wake wa kupigwa rangi juu, soma kopo, ukichelewa zinakauka na hazishiki tena. Pale uliposiliba ufa, mkono wa mwisho rudi nyuma mpaka shibiri mbili na nusu, puliza kidogo kidogo, matone yanafika yakiwa nusu makavu na yanakaa kama mchanga mchanga, kwa jicho linafanana na ile ngozi ya pembeni. Barakoa ya mvuke ni lazima, hivi vya kitambaa havizuii kitu. Na vanishi ya mchanganyiko wa makopo mawili usiipige nyumbani, ile dawa ya kugandisha ina sumu ya mapafu na dashibodi haiihitaji, hainyeshewi mvua.

Ile sehemu ya juu laini, yenye sponji ndani, usiichanganye na hizi. Hiyo ni vinaili, inataka rangi ya vinaili inayonyumbuka, na kama imepasuka imefunguka mpaka sponji inaonekana, mpelekee fundi wa viti aivishe upya, rangi haizibi shimo.

Herufi na alama nyeupe za swichi zikipotea chini ya rangi, subiri siku tatu, paka rangi nyeupe ya mafuta juu ya alama, jaza kile kishimo, alafu pitisha ukingo wa kadi ya simu ukiwa umeifunga kitambaa kikavu. Inafutika juu inabaki ndani. Hii inafanya kazi kwa alama zilizochongwa tu, zilizochapwa juu zifunike na utepe kabla ya kupiga rangi.

Wacha vipande vikae wiki nzima ndani ya nyumba kabla ya kurudisha. Vitakuwa vikavu kwa mkono siku ya kwanza lakini ukikaza skrubu siku hiyo rangi inajikunja chini ya kichwa. Kaza mpaka igote tu, robo mzunguko zaidi ndo ile iliyopasua fremu yako mara ya kwanza. Na ukienda kawoshi mwambie yule kijana kabla hajafungua mlango, ndani ni kitambaa chenye maji peke yake. Mimi nimeandika kwa karatasi nikabandika kwa chupa yake mwenyewe, na bado nikigeuka namkuta ameishika.